Kizungu cha Madame Pilar

Nyumba ya Pontien Nzeyimana, pale Mulongwe, ilikuwa na sheria moja, na mpaka wa sheria hiyo ulikuwa kizingiti cha mlango. Nje ya kizingiti sema unachotaka: Kirundi, Kifuliiru, Kiswahili, hata kukoroma kama kiboko ukipenda. Ukishaingiza mguu ndani, ni Kizungu tu. Atakayesahau atakula chakula chake amesimama. Sheria ilianza mwaka wa 1952, na miaka miwili baadaye aliyekula amesimama mara nyingi kuliko wote alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, ingawa yeye alisingizia mgongo.

Mama yake, bibi Capitoline, aliposhuka kutoka Lubarika na kikapu cha viazi vitamu, aliisikiliza sheria hiyo mpaka mwisho bila kuikatiza. Kisha akauliza, "Na matako yangu, nayo yanahesabiwa?" Akachukua kigoda, akakiweka juu ya kizingiti chenyewe, nusu nje nusu ndani, akaanza kumenya viazi. Wajukuu wakamzunguka wakiporomosha Kirundi kwa upande wa nje. Charlotte, wa miaka tisa, alijipanga kwa akili: miguu ndani, kichwa nje. Eugène, wa miaka sita, alifanya kinyume chake, akaambiwa na dada yake kwamba anavunja sheria kwa mdomo. Pontien aliwatazama wote watatu akitafuta kosa la kumtoza mtu, akalikosa.

Na msimcheke bado. Pontien alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa ghala la pamba, na kitu alichokitaka duniani kilikuwa karte ya mérite civique, ile ambayo serikali ya kikoloni iliwapa weusi waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Karte ilileta mambo mengi ambayo makarani waliyahesabu kwa vidole, lakini Pontien aliishia kwenye kidole cha kwanza: mwenye karte hachapwi fimbo. Mwaka ule wa 1952 marobota matatu ya pamba yalilowa mvua mikononi mwake. Wakamweka ndani siku mbili, na asubuhi ya kumtoa wakamlaza chini akala fimbo nne. Charlotte alikuwa amemletea chakula. Alisimama na sahani yake mkononi, akaangalia mpaka ya nne.

Hawakuwahi kuliongelea jambo hilo. Siku ya tatu baada ya fimbo hizo ndipo Pontien alipotangaza sheria ya kizingiti.

Mwalimu hakuwa yeye. Kifaransa cha Pontien kilikuwa "bonjour", "pardon", "oui" na majina ya mizani, basi. Lakini mke wake, Concilie, alikuwa yaya miaka saba kule Usumbura, ng'ambo ya ziwa, kwa mama mmoja wa Kizungu aliyeitwa Madame Pilar. Alimlelea watoto watatu, akawaogesha, akawalisha, akawagombeza, vyote kwa lugha yao. Pontien aliona neema imekaa jikoni mwake bure.

"Wafundishe watoto Kizungu," alimwambia.

"Minye najua kile Kizungu cha kwa Madame," alijibu Concilie. "Kingine sijui."

"Kizungu ni Kizungu," alisema Pontien, akaenda kazini.

Concilie hakuwa na kitabu wala ubao. Alikuwa na sufuria, beseni na watoto wawili. Alifundisha kuhesabu kwa maharage, na rangi kwa kanga zilizo kambani. Asubuhi alisalisha kwa Kizungu, mchana aligombeza kwa Kizungu, na mtoto aliyetaka chumvi aliiomba kwa Kizungu au alikula chukuchuku. Mwaka haukuisha watoto walikuwa wakigombana, wakitaniana na kuota ndoto kwa lugha hiyo. Majirani walipita polepole mbele ya nyumba ili wasikie.

Aliyebaki nyuma ni baba. Pontien alikaa mezani pake kama mgeni aliyealikwa kwa makosa. Maneno yalipita mbele ya pua yake, yeye akitikisa kichwa na kusema "Oui, oui." Jambo moja lilimsumbua sana: bosi wake ghalani akisema Kifaransa, alikuwa akidaka neno moja moja, lakini nyumbani hakudaka hata moja. Akalipatia maelezo. Cha bosi ni Kifaransa cha kazi. Hiki cha watoto ni Kifaransa cha vitabu, kimepanda juu, kimempita. Aliona fahari, akaona aibu, akanyamaza. Angeulizaje wanae wanasema nini, ndani ya nyumba ambayo yeye ndiye aliyeweka sheria?

Kila jioni alipofika mlangoni, Charlotte alimpokea kofia, akamuuliza kitu kimoja kifupi, sauti ikipanda mwishoni.

"Papá, ¿estás enfadado?"

"Oui, oui," alijibu Pontien, akampapasa kichwa, akapita. Charlotte alitundika kofia msumarini na kwenda uani kimya.

Siku ya Jumatatu, Norbert, karani wa ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, na jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja na barua yenye muhuri. Alikuwa mtu wa kucheka sana na wa kusaidia sana, na hukujua lini anafanya lipi.

"Tume ya karte inakuja Alhamisi, saa tisa," alisema. "Bwana wa teritwari mwenyewe na padri. Watakagua nyumba, choo, mashuka. Na watoto, watawasemesha Kifaransa."

"Kwa watoto sina wasiwasi," alisema Pontien. "Kaa. Sikia mwenyewe."

Charlotte na Eugène walikuwa chini ya meza wakigombania kigae cha sahani. Norbert akakaa, akategea sikio. Akageuza kichwa akatega lile lingine.

"Pontien, hawa watoto wanasema nini?"

"Kifaransa. Cha vitabu."

"Minye nimekaa kwa mafrere wa misheni miaka sita, vitabu vyao nimevisoma vyote. Hiki hakipo." Akaita kuelekea uani, "Mama Charlotte! Yule Madame wako alikuwa wa wapi?"

Concilie alitokea mlangoni na mwiko. "Wa kwao. Hispania. Kwani vipi?"

Norbert alijaribu kujizuia, Mungu ni shahidi. Alishika meza, akashika ukuta, mwishowe akashika mabega ya Pontien. "Umezaa Wahispania, bana! Wahispania wawili hapa Mulongwe! Bwana wa teritwari akiingia humu atadhani amepotea njia!"

Sasa mjue kilichompata Pontien. Kitu cha kwanza kilichomjaa moyoni kilikuwa furaha. Kumbe hakuwa mjinga! Kumbe kichwa chake kilikuwa kizima miaka yote miwili! Furaha hiyo ilidumu kama muda wa kupiga chafya, kisha akakumbuka Alhamisi.

"Weye!" alimgeukia mkewe. "Kwa nini hukuniambia kama ni lugha ingine?"

"Nilikuambia iko Kizungu cha kwa Madame. Ukasema Kizungu ni Kizungu."

"Ningejuaje?"

"Ungejuaje?" Concilie alishusha mwiko taratibu. "Baba Charlotte, siku zote unaitikaga oui, oui. Ulikuwa unaitika nini?"

Pontien alikohoa. "Nilikuwa naelewa... kwa jumla."

"Kwa jumla," alirudia Concilie, akamtazama mpaka kikohozi kikaisha. Kutoka kizingitini bibi Capitoline alitupa ganda la kiazi nje, kwa nguvu kuliko lilivyohitaji.

Siku tatu ni chache za kumtoa mtoto katika lugha moja na kumwingiza katika nyingine. Norbert alisema wasijisumbue. Aliwafundisha watoto vipande vitatu: "Bonjour, monsieur", "Oui, monsieur" na "Merci, monsieur". Nje ya hapo, midomo ifungwe.

"Na wakibanwa?" aliuliza Pontien.

"Sema ni Kilatini."

"Mbele ya padri?"

Norbert alifikiri. "Basi wasibanwe," alisema.

Kisha vitu. Tume ilipenda kuona uma mezani na kitambaa juu ya meza, na nyumba ya Pontien haikuwa na hivyo viwili. Ikabidi Concilie aende kuazima kwa Geneviève, mke wa Norbert. Geneviève alimpa, hakumnyima, lakini alimhesabia juu ya ua, kwa sauti ya kuuzia samaki. "Uma sita! Huu mmoja umepinda, ulipindia kwetu, usije ukasema ni mtoto wako! Na kitambaa kina doa la chai hapa pembeni, nalo ni la kwetu!" Barabara nzima ilisikia. Concilie alishukuru mara mbili, akarudi na vitu amevikumbatia kifuani, na hakula kitu jioni hiyo.

Mbuzi wawili wakahamishiwa kwa watu. Kuku wakafungiwa chooni, wakatolewa tena Pontien alipokumbuka kwamba choo nacho kitakaguliwa. Bibi Capitoline aliombwa kwa heshima zote akapumzike siku hiyo kwa mjomba.

"Minye siko ndani, siko nje," alisema bibi. "Hao wageni wako wataniruka."

Wakamruka. Alhamisi saa tisa kamili Bwana wa teritwari, mrefu na mwembamba, na daftari lake, alinyanyua mguu juu ya bibi Capitoline, na padri, mfupi mwenye ndevu na tumbo, akamfuata kwa shida zaidi, akimwomba radhi. Pontien alikuwa amevaa koti la Norbert. Mikono yake ilitoka nje ya koti mpaka karibu na viwiko.

Walikagua kila kitu. Bwana aliinua godoro na kuhesabu mashuka. Alifunua sufuria, akanusa. Alipiga magoti na kupapasa chini ya kitanda, akatoka na unyoya wa kuku, akautazama, akaandika. Alimuuliza Concilie, kwa Kiswahili chake cha amri, watoto wanaoga mara ngapi, na Pontien akaona mkewe anajibu huku macho yake yako sakafuni, yeye ambaye aliwaogesha watoto wa Kizungu miaka saba. Pontien alitamani siku hiyo iwe imepita.

Kisha wakaketi mezani. Kitambaa kilikuwa kimetandazwa doa likiwa chini ya sahani ya mkate. Watoto walisimama wamebana mikono ubavuni.

"Bonjour, monsieur," walisema pamoja, safi kabisa. Padri akatabasamu. Bwana akamuuliza Charlotte kitu kwa Kifaransa.

"Oui, monsieur," alisema Charlotte.

Akamuuliza kingine.

"Merci, monsieur."

Bwana alimtazama, akaandika. Kisha, pengine kwa njaa tu, alinyoosha mkono wake kuchukua kipande cha mkate. Ni mkono uleule uliotoka chini ya kitanda, na utando wa buibui ulikuwa bado umenata kwenye kidole.

Ndani ya Eugène, Madame Pilar alikuwa amepandwa kwa kina. Kuna mambo mtoto aliyelelewa na Concilie hawezi kuyatazama akanyamaza, hata aahidiwe nini.

"¡Lávate las manos, cochino!" alipiga kelele.

Mkate ulisimama hewani. Concilie alijiziba mdomo. Hata kizingitini kule kumenya kulikoma.

"Anasema nini huyu?" aliuliza Bwana.

Aliyeelewa alikuwa padri. Kila asubuhi altareni alinawa vidole kwa maneno ya Kilatini, na maneno mawili kati ya yale ya mtoto yalikuwa jamaa ya karibu ya yale ya misa. Akaangalia mikono yake mwenyewe, akaangalia ya Bwana, akainuka.

"Anasema tunawe mikono."

"Na lile neno la mwisho?"

"Lile la mwisho halikunifikia," alisema padri, lakini ndevu zake zilikuwa zinatetemeka.

Wakanawa. Concilie aliwamiminia maji kwa mtungi, kwanza padri, kisha Bwana wa teritwari, aliyesimama mbele ya beseni kama mtoto wa shule. Alipokwisha kujifuta alimgeukia Pontien. "Hii ni lugha gani?"

Hapo ndipo mtu huponea au huangukia. Pontien alikuwa na majibu mawili matatu mdomoni, yote ya uongo, na lolote lingeweza kupita. Akafungua kinywa. Akamwona Charlotte. Mtoto alikuwa amesimama na sahani ya mkate mkononi, ameishika kwa mikono miwili, anamtazama baba yake bila kupepesa. Alikuwa amesimama hivyohivyo mwaka ule wa fimbo.

"Ni Kihispania, Bwana," alisema Pontien. "Mama yao ndiye aliwafundisha, ndani ya nyumba hii, bila kitabu. Wanakijua chote."

"Na wewe unaongea nao lugha hiyo?"

"Hapana, Bwana. Sijui hata neno moja. Miaka miwili watoto wangu wananisemesha, minye naitika tu. Sijui wanasema nini."

Maji yalikuwa yakimwagika. Concilie alikuwa amesahau mtungi mkononi, umeinama, unamwaga juu ya miguu yake mwenyewe. Kizingitini bibi Capitoline alipiga makofi mara moja, paa, kama mtu aliyeua mbu aliyemsumbua muda mrefu.

Bwana wa teritwari aliandika ukurasa mzima. Padri alikula vipande vitatu vya mkate. Kisha wakamruka bibi na kwenda zao.

Jioni hiyo hakuna aliyejua aseme lugha gani. Walikaa mbele ya mkate uliobaki, uma sita za watu zimelala kwenye kitambaa. Pontien alivua lile koti.

"Leo sheria imelala," alisema kwa Kiswahili. "Charlotte, njoo. Kila siku nikifika mlangoni unaniulizaga kitu. Kilekile. Ni nini?"

Charlotte alimtazama mama yake. Concilie hakujua, saa ile yeye huwa uani kwenye moto.

"Sema tu, mwanangu."

"Nilikuwaga nauliza kama uko na hasira."

"Hasira na nani?"

"Na minye. Juu ya vile niliangalia siku ile." Charlotte alishika pindo la kitambaa, akalikunja, akalikunjua. "Siku ile ya fimbo. Ukarudi, ukawa husemi na siye tena. Basi nikawa nauliza. Na weye unajibuga ndiyo."

Pontien alihesabu. Hakutaka kuhesabu, lakini mtu wa mizani huhesabu. Jioni za miaka miwili, moja moja, na kila moja alimpapasa mtoto kichwa na kumwambia ndiyo.

Alilia. Alilia waziwazi, mbele ya uma za Geneviève, akamvuta Charlotte magotini, mkubwa kama alivyo, akamwambia hapana kwa Kirundi, lugha aliyomkataza nyumbani kwake, "Oya, mwana wanje. Oya, oya, oya." Concilie naye akalia, kisha akaanza kucheka katikati ya machozi, akasema, "Kwa jumla! Alikuwa anaelewa kwa jumla!" Eugène hakuelewa kitu, lakini aliona nafasi, akamaliza mkate.

Kizingitini bibi Capitoline aliinuka na kuvuta kigoda chake ndani ya nyumba, miguu yote minne.

Majibu yalikuja wiki tatu baadaye. Norbert aliyaleta ghalani, na safari hii hakucheka. Karte imekataliwa, aombe tena baada ya mwaka mmoja. Sababu ilikuwa imeandikwa kwa mashine, mstari mmoja, naye akaitafsiri akiangalia pembeni: kichwa cha familia hana lugha moja na watoto wake.

Pontien alikunja barua mara nne, akaitia mfukoni. Akatembea kwa miguu kutoka ghalani hadi Mulongwe, baiskeli akiisukuma tu, kwa sababu alikuwa na hasira ambayo haikai juu ya tandiko. Alimkasirikia Bwana na daftari lake, akaukasirikia ule unyoya wa kuku, akaikasirikia ile fimbo ambayo bado ilikuwa na ruhusa ya kumshukia mgongoni mwaka mzima mwingine. Sura yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba watu wawili waliomsalimia njiani hawakungoja jibu.

Charlotte alimwona tangu mbali. Alisimama kizingitini, akapokea kofia. Aliona ile sura. Aliuliza polepole, kwa sauti ya zamani, ikipanda mwishoni.

"Papá, ¿estás enfadado?"

Wiki tatu Pontien alikuwa amesomeshwa Kihispania na wanae, walimu wawili wakali, na mara nyingi alikula amesimama kwa haki kabisa. Akaegesha baiskeli. Akainama mpaka macho yao yakawa sawa.

"No, hija," alisema, yaani hapana, binti yangu. "No."

Charlotte alimchunguza vizuri, kama anayekagua nyumba, akaridhika, akaenda kutundika kofia akiimba. Pontien akavuka kizingiti, akaketi na kunyoosha mkono kwenye sahani ya viazi. Kutoka upande wa pili wa meza Eugène akampigia kelele zilezile alizowapigia wageni, na baba, aliyeelewa kila neno pamoja na lile la mwisho la kumwita nguruwe, akainuka akaenda kunawa.